Sentensi ya Kimutai

Niseme wazi tangu mwanzo: nilimwonea Kimutai wivu kwa miaka kumi na miwili, wala sikuona haya. Wivu wenyewe niliutunza vizuri, nikaulisha, nikavuka nao bahari hadi Texas. Kwa hiyo mkewe, Kathure, aliponipigia simu kuniomba niandike wasifu wa mumewe, nusura nicheke.

"Mama Jackie, wewe ndiye unajua maisha yake ya kazini kuliko mtu yeyote," alisema. "Mzee anafikisha sabini. Tunafanya ibada ya shukrani huku Stafford, na lazima mtu asimame asome maisha yake. Mimi siwezi, nitalia."

Sisi Wakenya wa Marekani hatujui kumshukuru Mungu bila karatasi. Mtu akihitimu uuguzi, akinunua nyumba, akipona goti, patachapwa kijitabu chenye picha yake juu na maisha yake ndani, na mtu atateuliwa kuyasoma kwa sauti huku wengine wakifuatia kwa macho. Msomaji hakatizwi. Hapo ndipo niliponogewa. Dakika kumi na tano, kipaza sauti mkononi, Kimutai ameketi mbele na suti yake, na mimi nina neno langu kuhusu ripoti moja.

"Nitaandika," nilimwambia Kathure. "Tena kwa furaha."

Basi maisha yake ni haya. Alizaliwa Nandi, mtoto wa tano wa mchuma chai. Alisomea ualimu, akafundisha jiografia miaka sita, kisha akaona tangazo gazetini, akaja mjini kuajiriwa ubalozini. Ubalozi wenyewe siutaji, maana siku ya kuondoka nilitia sahihi karatasi ndefu. Mwenye akili atajua, na asiyejua anywe chai yake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata magazeti kwa mkasi: habari za siasa huku, za biashara kule, za Wachina kwenye faili la pekee. Mimi nilipoajiriwa alikuwa ameshapanda, ni msaidizi wa siasa, na nikapewa meza inayotazamana na yake. Nilitazama kipara chake kikizaliwa na kukua.

Sasa sikilizeni kazi yetu ilivyokuwa, maana bila hilo hamtaelewa kilichoniuma. Afisa anakuja kutoka Marekani kwa miaka miwili au mitatu. Ni kijana msomi, mwenye adabu, na hajui hata kuagiza ugali. Macho na masikio yake ni sisi wenyeji. Tunakwenda, tunasikiliza, tunaandika. Afisa anapunguza, jina la balozi linawekwa chini, na ripoti inaruka hadi Washington. Huko, mtu mwenye ripoti mia mezani anasoma aya ya kwanza na ya mwisho. Ya mwisho inaitwa maoni. Akikuta hapo sentensi inayokaa vizuri mdomoni, anaibeba mpaka mkutanoni, na bosi wake anaitoa mkutanoni kuitia kwenye hotuba. Hivyo ndivyo taifa kubwa linavyoamua limfanyie nini mpinzani wake mkubwa. Nilipoanza kazi nilidhani mambo hayo yanaamuliwa kwa manowari na mabilioni. Kumbe mara nyingine yanaamuliwa na mtu aliyechoka, anayetafuta sentensi ya kubeba.

Majina yetu hayakutokea popote. Na kulikuwa na sheria moja ambayo hata mfagiaji aliijua: chanzo hakitajwi. Ukimtaja mtu aliyekufungulia moyo, umekwisha. Hata mimi na Kimutai, tuliotazamana miaka kumi na tisa, hatukuwahi kuulizana, "Hili umeambiwa na nani?"

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Kimutai alijua kazi. Hakuamini maneno ya ofisini. Aliamini kwamba mtu husema kweli akiwa amevua koti, kwenye foleni, kwenye chai, kwenye hasira. Angemnunulia dereva wa mbunge maandazi mawili akarudi na habari ambayo mbunge mwenyewe asingeitoa kwa mbuzi mzima. Na aliandika kwa ufupi. Mimi nilikuwa na kurasa, yeye alikuwa na sentensi. Nilikuwa nikizisoma za kwake mezani pake akienda msalani, na kila mara nilirudi kwenye kiti changu nimekasirika.

Sasa ile ripoti. Kampuni moja ya Kichina ilikuwa inajenga barabara kaskazini, na Washington walitaka kujua jambo moja tu: wananchi wanamwonaje Mchina? Kimutai alipelekwa mji mkuu wa eneo, kusikiliza wanasiasa. Mimi nilipelekwa kwenyewe, nikapanga chumba cha mabati kando ya kambi ya wajenzi, nikakaa siku kumi na moja. Nilikunywa maji ya chumvi. Niliongea na wachunga ngamia, wauza miraa, vibarua, wake wa vibarua. Nilichokikuta hakikuwa chuki wala mapenzi. Watu walikuwa na ugomvi mmoja: kampuni ilichimba kisima cha kambi, ikakizungushia uzio. Mama mmoja aliniambia, "Mchina si mbaya. Uzio ndio mbaya."

Niliandika kurasa nne. Nilisema barabara imependwa, kisima kimechukiwa, na kwamba ubalozi wetu ulikuwa na mpango wa visima sita pale pale. Vichimbwe haraka, nikaandika, na hakuna atakayeuliza tena nani rafiki na nani adui. Mpaka leo nikiisoma kichwani ripoti ile naona ni nzuri.

Lakini ya Kimutai ilitangulia kwa siku nne. Ukurasa mmoja na nusu, na mwishoni, kwenye maoni, kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi: kwa wenyeji, Mchina ni mkoloni yule yule aliyebadilisha sura tu.

Basi. Sentensi ile ilipaa. Tuliisikia kwenye hotuba ya mkubwa mmoja, ikarudi kwetu ndani ya maagizo mapya: watu wa kaskazini wanamchukia Mchina tayari, kinachotakiwa ni kuwapa sauti. Visima sita vikafutwa. Badala yake zikaja semina za hotelini za kuwaonya watu juu ya mikopo ya Wachina, na kila aliyehudhuria alipewa kofia. Kisima cha kampuni kikabaki ndani ya uzio wake. Ripoti yangu afisa aliipokea kwa mikono miwili akasema, "Nzuri sana, Jerioth, lakini ndefu." Kimutai alipewa cheti na kushikwa mkono na balozi. Karatasi zake za kuhamia Marekani, zile wanazopewa watumishi wa miaka mingi, zilisainiwa upesi. Mimi nilingoja miaka mitano zaidi.

Donge lile halikushuka. Nilipofika Texas nilipanga Richardson na binti yangu Jackie, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya figo, kila asubuhi napanda treni na chakula changu cha mchana mfukoni. Kimutai alianzia vyumba vya kupanga mtaa wa Sharpstown kama kila mtu, lakini angalia, mwaka wa nne ana nyumba Stafford na nyasi zimekatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi. Anamtunza mzee mmoja Mmarekani wa kiti cha magurudumu, na Kathure huniambia, bila kujua ananichoma, kwamba maelezo anayomwachia mtu wa zamu inayofuata ni mafupi na safi hata daktari huomba kuyasoma. Mimi kliniki wameniambia mara mbili nipunguze maneno.

Halafu mwaka jana Jackie akarudi kutoka chuoni na karatasi. "Mum, isn't this your old office?" Profesa wake alikuwa akifundisha jinsi ripoti za mabalozi zinavyogeuza sera kuhusu China, na amewagawia mfano mmoja ulioachiwa hadharani. Nilitazama. Ilikuwa ya Kimutai. Sentensi iko pale pale, imepigiwa mstari. Ila maneno yaliyoeleza ni nani aliyeisema yalikuwa yamefunikwa wino mweusi, mstari mzima na kidogo.

Nililala na karatasi ile wiki nzima. Nilikaa siku kumi na moja kule na sikumsikia hata mtu mmoja akisema maneno hayo. Yeye hakufika kambini kabisa. Nikajiambia chini ya wino hakuna mtu. Ameitunga. Ameitunga, wamempa cheti, na profesa anamfundishia mwanangu.

Ndiyo maana kwenye wasifu, baada ya Nandi na jiografia na mkasi wa magazeti, niliweka aya hii, tamu kwa nje: "Ripoti yake iliyosomwa hadi Washington ilisimama juu ya neno la mtu mmoja, ambaye utambulisho wake umefunikwa wino mweusi hadi leo. Namshukuru Mungu kwamba Kimutai yu hai na ana afya njema, maana ni yeye tu anayeweza kutuambia mtu huyo ni nani, kama yupo." Nikishaisoma ningemgeukia na kungoja, mbele ya kanisa zima. Akigugumiza, ningesema yaliyobaki kwa mdomo. Niliituma Jumanne. Kathure akajibu, "Asante dada, imeenda kuchapwa." Hakuisoma. Alikuwa anahesabu kilo za mbuzi.

Jumamosi niliendesha gari kwa muda wa saa nne na ushee hadi Stafford, najisomea aya yangu kwa sauti njiani. Nilimkuta Kimutai nyuma ya ukumbi wa kanisa, amevaa suti ya kijivu na lile taji la mauamaua ya kumetameta tunalowavika watu wetu shingoni, anapanga viti. Siku yake mwenyewe, anapanga viti! Hata hilo liliniudhi.

"Mama Jackie! Ume-drive peke yako? Pole na barabara."

"Nimeshapoa. Mzee, nina swali moja kabla sijapanda pale mbele. Nani yuko chini ya wino?"

Hakuuliza wino gani. Aliweka kiti chini polepole. "Unajua chanzo hakitajwi."

"Hakitajwi kwa sababu hakipo."

"Kipo."

"Basi sikiliza." Nikafungua kijitabu nikamsomea aya yangu yote, na pale kwenye "kama yupo" nikapandisha sauti. Nilitaka kuona uso wake ukianguka. Haukuanguka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ya mtu unayemwonea wivu ni kitu kibaya sana kukipokea.

"Usisome hiyo," alisema.

"Unaogopa?"

"Si kwa ajili yangu, Jerioth." Kwa miaka yote aliniita Mama Jackie. "Wewe una swali moja, nami nitakuambia maneno niliyoandika, hayo tu. Niliandika: mtaalamu mwenyeji aliyekaa siku kumi na moja kando ya kambi."

Nilikaa kwenye kiti alichokuwa amekipanga.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekaa siku kumi na moja kando ya kambi ile. Na hapo siku yenyewe ikanirudia, siku ambayo sikuwa nimeifikiria tangu ipite. Asubuhi ya mwisho nilikwenda langoni kwa kampuni kuaga, msimamizi wao akanisimamisha juani tangu saa tatu hadi saa nane kwa sababu sikuwa na barua, huku malori yanapita. Kesho yake nikaingia kantini ya ubalozi, nikatupa mkoba mezani. Kimutai akaninunulia chai. Nikamwaga yote niliyokuwa nayo: hawa watu hawa, ni mkoloni yule yule, amebadilisha sura tu, na kila mtu kule anajua! Nilisema mengi. Nikanywa chai, nikapoa moyo, nikaenda kuandika kurasa zangu nne za ukweli. Yeye akaenda kuandika sentensi yangu.

"Nilikuwa na hasira," nilisema.

"Ndiyo. Nikadhani hasira ndiyo ukweli wako, na kwamba kwenye karatasi utatia adabu kama kawaida yako. Nilifanya kazi ile miaka thelathini nikiamini hivyo, kwamba neno lililoponyoka ndilo la kweli. Niliposoma ripoti yako ndipo nikajua nimekosea. Nikamwendea afisa. Akaniambia ya kwanza imeshapendwa."

"Ungenitaja."

"Wangekufukuza. Mtumishi anayemwaga habari za kazi kantini? Ulikuwa na Jackie shule ya msingi."

"Na cheti ukapokea."

"Nilipokea," alisema. "Kipo kabatini, sijawahi kukitundika. Na wewe ulikuwa hunisalimii vizuri, nikasema bora hivyo."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo wivu uliisha. Haukuisha, ulipata sababu mpya. Ulimi hauna mfupa, na wangu ndio uliofukia visima sita, na mtu huyu alinibebea miaka kumi na miwili bila kuguna, akikatiwa jicho na mimi kila Krismasi. Mimi nisingeweza. Ningemtaja siku hiyo hiyo, kabla chai haijapoa. Hata usiri alinizidi, na niliumia kwa hilo kama nilivyoumia kwa nyasi zake.

Ibada ilianza. Niliitwa mbele, nikasoma. Nandi, mchuma chai, jiografia, watu wakacheka kwenye mkasi wa magazeti. Nilipofika kwenye aya ile nikairuka, nikaendelea na safari ya Texas, nikaenda mbio hadi mwisho nikasema amina.

Safu ya tatu mkono ukainuka. Alikuwa Florent, Mkongomani kutoka Bukavu anayefanya kazi ya kutunza wazee pamoja na Kimutai, mtu mwema aliyekuwa amefuatia kila mstari kwa kidole. Kwao labda msomaji hukatizwa.

"Mama, pardon. Uliruka fungu moja hapa. Iko pa ukurasa wa tatu." Akaisoma yeye, taratibu, kwa sauti ya kwaya, hadi "kama yupo." Kisha akauliza kwa moyo mweupe, "Sasa huyu mutu ndjo nani?"

Watu mia moja wakainua vijitabu. Kathure akafungua cha kwake, na nikaona macho yake yakisimama kwenye yale maneno mawili ya mwisho, kisha yakaja kwangu. Alielewa. Kimutai akasimama kabla sijapumua.

"Ndugu Florent, kazi yetu ilikuwa na sheria," alisema akitabasamu. "Chanzo hakitajwi. Tupigieni wimbo, tule nyama."

Wakacheka, na mwimbishaji akasogea. Nilikuwa nimeokoka. Kulibaki kunyamaza tu, naye angebaki na swali lile juu yake, kama yupo, limechapwa, limepelekwa kwenye nyumba mia moja na kuwekwa kwenye kabati za vyombo. Nilimwona anakaa. Nikafikiri, hapana, hata hili hulichukui.

"Ni mimi," nilisema kwenye kipaza sauti. "Neno la huyo aliyefunikwa wino ni langu. Yeye aliandika, mimi ndiye niliyesema."

Nikafungua mdomo kuwaambia yaliyobaki: kwamba nilisema uongo wa hasira, kwamba kuna mama kule kaskazini aliyeniambia kweli na kweli yake haikufika popote. Lakini Florent akapiga kofi la kwanza, kisha mchungaji, kisha wanawake wa nyuma wakaangua vigelegele. "Kumbe tulikuwa na wawili!" mtu akapaza sauti. "Mama wa Washington!" Wakasimama, wote, wazee na wauguzi waliotoka zamu na watoto wenye simu. Makofi yale nilikuwa nimeyatamani miaka kumi na miwili, yakaja yote kwa pamoja.

"Ngojeni," nilisema. "Visima sita..."

Mwimbishaji alikuwa ameshapokea kipaza sauti mkononi mwangu na wimbo umeanza. Ni Kimutai peke yake hakupiga makofi. Alikaa, mikono magotini, akinitazama. Kathure akamvua lile taji la shingoni, akaja nalo kwangu akicheza, machozi yanamtoka, uso wa mtu aliyeamua kunisamehe kwa sababu siku ilikuwa njema.

Nikainamisha kichwa, akanivika.